Ngozi Nyeusi Inasomeka

Kila mjadala wa uchunguzi wa mgonjwa ukifika kinywani, kuna anayesema kwamba weusi wa fizi kwa Mwafrika si dalili ya kitu. Toleo hili limeandaliwa kuipinga kauli hiyo. Ni kauli ya uvivu, na inaua watu.

Ni kweli kwamba wengi wetu tuna fizi zenye weusi tangu utotoni, nazo ni fizi zenye afya. Lakini rangi ya kuzaliwa nayo ni jambo moja, na rangi iliyobadilika ni jambo jingine. Tabibu asiyeuliza weusi ulianza lini hajamchunguza mgonjwa wake.

Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alieleza mwaka 1855 ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Wagonjwa wake walikuwa weupe, wakageuka rangi ya shaba. Vitabu vimeinakili shaba hiyo hadi leo, na tabibu wa zahanati kule Kenyamonta, wilayani Serengeti, anafundishwa kutafuta rangi ambayo ngozi ya wagonjwa wake haitaionyesha kamwe. Kwao ugonjwa unaonekana kwingine: mikunjo ya viganja inakolea, vifundo vya vidole vinazidi weusi, kovu jipya linapona likiwa jeusi kuliko makovu ya zamani, na ulimini au ndani ya mashavu yanatokea madoa ambayo ndugu zao hawana. Tezi zinapoharibika, ubongo huzidisha homoni ya kuziamsha, na homoni hiyo hiyo huchochea chembe zinazotengeneza rangi. Utaratibu huu ni mmoja kwa binadamu wote.

Tezi hizo huharibiwa na kifua kikuu pia. Addison mwenyewe alikikuta kwa baadhi ya wagonjwa wake 11. Ng'ambo ya Mto Mara, kaskazini mwa Kenyamonta, kuna Nyamongo na machimbo yake ya dhahabu, na vumbi la mawe humweka mchimbaji karibu na kifua kikuu. Mtu wa huko akija amekonda, anatapika, presha inashuka akisimama na anatamani chumvi, atatibiwa malaria, kisha vidonda vya tumbo. Akigunduliwa kuwa na kifua kikuu ataanzishiwa rifampisini, dawa inayoharakisha kuvunjwa kwa homoni ya tezi hizo iitwayo kotisoli, ile kidogo aliyobakiwa nayo, na anaweza kuzimia akiwa kwenye matibabu sahihi. Kipimo cha kotisoli hakipo zahanati, na hospitali ya Bugando iko Mwanza. Kinywa kipo pale pale. Tochi na kijiti cha kukandamiza ulimi vingetosha kuandika rufaa mapema.

Wanaotuambia tusubiri mashine wakumbuke utafiti wa Marekani wa mwaka 2020: kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Mashine nayo hurithi macho ya aliyeitengeneza.

Makala nyingine za toleo hili zinapanua hoja. Ya kwanza inahusu aseniki, ambayo watafiti wameikuta katika baadhi ya visima vya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria ikivuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita. Mwandishi anatukumbusha kuwa huko Kolkata, mwaka 1983, sumu ya visima ilianza kufichuliwa na daktari wa ngozi, K. C. Saha, kutokana na madoa ya wagonjwa wake. Muuguzi mmoja anatetea uchunguzi wa weupe wa viganja kwa watoto wenye upungufu wa damu. Daktari wa meno anaeleza saratani iitwayo sarkoma ya Kaposi kwenye kaakaa. Makala fupi inahusu kucha zinazotiwa weusi na zidovudini, dawa ya VVU.

Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha matabibu tangu 1992, kwa hiyo ujuzi tunao nchini. Nataka picha za ngozi zetu zifike kila zahanati ya Serengeti na Tarime, na hali ya fizi na viganja iandikwe kwenye faili la mgonjwa siku ya kwanza anapokuja akiwa mzima au mgonjwa. Bila kumbukumbu ya jana, badiliko la leo halina pa kulinganishwa.