Tufume, Tusuke, Tuanike

Katika nyumba nyingi za nchi yetu yuko mtu anayejua kufuma. Yuko anayejua kusuka ukili. Yuko anayejua kuanika mboga za msimu wa mvua zikaliwa kiangazi chote. Nyumbani kwenu mtu huyo ni nani? Na mara ya mwisho ulimwona akiifanya kazi hiyo lini?

Siulizi ili kumlaumu yeyote. Maisha yamebadilika. Duka liko mlangoni, sweta la mtumba liko sokoni, na kazi zinatutoa nyumbani alfajiri na kuturudisha usiku. Kila mtu anajitahidi kwa nafasi yake. Ila nadhani tunajinyima raha kubwa iliyo karibu nasi, na pamoja na raha hiyo tunapoteza chakula tulichokwisha kukilima kwa jasho.

Nianze na raha yenyewe, maana ndiyo tunayoisahau. Siku hizi kazi ya mikono ikitajwa, swali la kwanza huwa ni soko. Mama akifuma kitambaa anaulizwa atakiuza wapi. Kijana akisuka kikapu anaulizwa mtaji kaupata wapi. Maswali hayo yana wakati wake. Lakini je, ni lazima kila kitu kianze na soko? Mbona tunacheza bao bila kuuliza faida? Mbona tunaimba kwaya, tunakwenda kwenye taarab, bila kupiga hesabu? Mimi naamini kazi ya mikono inayoanza kwa furaha ya nyumba yenyewe hudumu. Ile inayoanza kwa hesabu peke yake, mteja wa kwanza akikosekana, uzi unarudi kabatini.

Watazameni kina mama wa pwani na visiwani wanaposuka. Ukindu umekwisha kukaushwa, umechemshwa na rangi, umepasuliwa mwembamba. Vidole vinakwenda vyenyewe bila kuangaliwa, na mazungumzo hayakatiki: nani anaposa, nani kajifungua, nani mgonjwa tukamwone kesho. Ukili unarefuka, unakunjwa, unawekwa kando. Siku yake ikifika, unashonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka, au msala, au kawa la kufunikia chakula. Iringa wanasuka vikapu kwa milulu, na jirani zetu wa Kenya wana viondo vyao vya katani. Popote pale utakuta jambo lile lile: kazi na baraza vimekaa pamoja, na aliyechoka anainuka amepumzika.

Na akina baba? Wamo, tena wamo tangu zamani. Mvuvi anayeziba matundu ya nyavu zake chini ya mkungu anafanya kazi ya uzi na sindano kama mfumaji yeyote. Kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, zile zenye vitobo na maua ya uzi, wanaume kwa wanawake wamezishona. Kwa hiyo baba, mwanao wa kiume akiomba uzi na sindano, mpe kwa moyo mweupe.

Kufuma sweta nako si kazi ngeni kwetu. Wanaoishi Makete, Njombe au Lushoto wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na wanajua thamani ya soksi na kofia ya mtoto mchanga. Wataalamu wa afya wanahimiza mtoto aliyezaliwa afunikwe kichwa, kwa kuwa hupoteza joto haraka. Kofia hiyo ndogo ni kazi nzuri ya kuanzia: uzi kidogo, mishono michache, na ikikamilika kuna mtu wa kuivaa. Je, katika ukoo wenu hakuna anayetarajia mtoto mwaka huu?

Labda utasema uzi ni ghali. Sawa, basi tutumie akili waliyoitumia waliotutangulia. Wasichana wengi walijifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, ncha zikisuguliwa kwenye saruji mpaka ziteleze. Na uzi waliupata kwa kufumua sweta kuukuu. Hata leo inawezekana. Ukienda kwenye mitumba, chukua sweta lililofumwa vizuri lakini limetoboka kiwiko au limepitwa na wakati. Ligeuze ndani nje, utazame mishono ya ubavuni. Ukiona vipande vimefumwa kila kimoja na ukingo wake, chukua. Utafumua uzi mrefu mpaka mwisho. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kupitishwa cherehani, liache, kwani utaambulia vipande vifupi visivyofaa. Uzi ukishafumuliwa hubaki na mikunjo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne usivurugike, uoshe kwa maji vuguvugu, kisha uutundike na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka, tayari kwa kazi mpya. Watoto wanapenda sana kazi hiyo ya kufumua. Waachieni waifanye.

Sasa twende shambani na bustanini, maana huko ndiko hasara yetu iliko.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Katika nchi kama zetu sehemu kubwa haitupwi mezani. Inaharibika shambani, njiani na ghalani. Nani kati yetu hajaona nyanya zikishuka bei hadi mkulima anaziacha shambani? Nani hajakanyaga embe zilizooza chini ya mwembe, halafu miezi michache baadaye akamkatalia mtoto embe kwa sababu ya bei?

Wazee wetu hawakuwa na jokofu, lakini walikuwa na jua, chumvi na subira. Usukumani na Unyamwezini viazi vitamu vya mavuno havikuachwa vioze. Vilivyokatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa ni matobolwa. Vilikaa miezi mingi, na mtoto wa shule aliweza kutia mfukoni kipande cha tobolwa akatafuna njiani. Ugogoni wanakausha mlenda na kuusaga, na unga wake unapikwa wakati nchi imekauka kabisa. Mihogo inakuwa makopa. Waliposema akiba haiozi, walikuwa wameiona kwa macho.

Ukitaka kuanza, anza na mboga za majani: majani ya kunde, ya maboga, mchicha. Chuma asubuhi, osha, ondoa vikonyo vigumu. Chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, toa, poza kwa maji safi, chuja. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayozuia mboga kupoteza rangi na ladha ikiwa ghalani. Kisha tandaza tabaka jembamba juu ya chanja, mahali penye kivuli na upepo. Kwa nini kivulini? Kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A ambayo ndiyo sababu kubwa ya kula mboga hizo. Geuza mara kwa mara. Jani likivunjika vunjika vidoleni, liko tayari kuhifadhiwa. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na mwanga. Siku ya kupika, loweka kidogo, bandika na karanga za kusaga, uone kama kuna atakayeacha kitu kwenye bakuli.

Hapa naomba tusikilizane vizuri kama watu wa nyumba moja. Chakula kisianikwe chini, juu ya udongo mtupu. Unyevu na udongo huleta kuvu, na kuvu ya nafaka na karanga huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua wenzetu Dodoma na Manyara. Hatuwezi kuifanyia mzaha. Tumia chanja, turubai safi au kitambaa safi. Na chandarua cha kulalia chenye dawa kisitumike kufunikia au kuanikia chakula, hata kikiwa kikuukuu, kwa kuwa dawa ile ni ya kuua wadudu. Wavu wa madirishani unatosha.

Watu wa pwani wana achari, na mimi naona hapa hatuwatendei haki: tunaila kwao kwenye sherehe, lakini hatuombi kufundishwa. Achari ya ndimu haihitaji hata jiko. Ndimu zinaoshwa, zinafutwa zikauke kabisa, zinachanwa mikato minne bila kuachana, zinashindiliwa chumvi na kupangwa kwenye chupa ya kioo. Chupa inakaa juani mchana, inaingizwa ndani usiku, siku baada ya siku, mpaka maganda yalainike na maji yake yawe mazito. Pilipili unaongeza kwa kadiri ya midomo ya nyumba yako. Chumvi na ukali wa ndimu ndivyo vinavyozuia kuharibika, kwa hiyo usipunguze chumvi kwa kuihurumia, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu daima.

Lakini maharage, nyama au mboga za majani zilizopikwa usizifungie kwenye chupa ukaziweka kabatini ukidhani zitakaa kama achari. Hazina ukali wa kuzilinda, na ndani ya chupa isiyo na hewa inaweza kuota sumu usiyoiona wala kuinusa. Hizo zikaushwe, au ziliwe siku hiyo hiyo.

Je, sisi tunaoshinda kazini tunaweza nini? Tunaweza mengi. Mwenye genge, nyanya zilizolainika jioni usizimwage. Jirani anayekausha atazichukua kwa bei ya chini, nawe hutapata hasara yote. Dereva unayepita Ilula msimu wa nyanya, nunua tenga moja mgawane wapangaji wa nyumba nzima, mkate vipande, mtie chumvi kidogo, muanike pamoja. Mama lishe, hebu weka mboga kavu ya karanga kwenye orodha yako siku moja ya wiki, uone wateja watakavyokuja kuuliza imetoka kwa nani. Mwalimu, mwalike bibi mmoja wa kijijini aje kukaa na darasa wakati wa kipindi cha kazi za mikono. Mpe kiti kizuri na muda wa kutosha. Wewe wa ofisini, sindano na uzi vinakaa kwenye mkoba, na saa ya mapumziko ya mchana ni yako. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, jumuiya za kanisani na za msikitini tayari mnakutana kila wiki. Mnaweza kukutana mikono ikifanya kazi.

Baadaye, kazi zenu zikipendwa na watu wakaanza kuzitafuta, hapo ndipo swali la soko lina mahali pake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, linafundisha usindikaji wa vyakula na lina ofisi mikoani. Chakula cha kuuzwa kwenye chupa kina utaratibu wake kwa Shirika la Viwango, TBS, nao ufuatwe. Na maonyesho ya wakulima ya Nanenane yakifika msiishie kwenye matrekta. Pitieni mabanda ya kina mama wasindikaji, muulize maswali yote mliyonayo. Hawachoki kujibu.

Kuna jambo moja linanigusa zaidi ya yote haya. Ujuzi mwingi tulionao haukuandikwa popote. Kiasi cha chumvi kiko mkononi mwa shangazi. Njia ya kuanzisha mishono iko vidoleni mwa mama aliyesoma sayansi kimu shuleni. Namna ya kuchagua ukindu unaofaa anaijua bibi, na bibi hatukai naye milele. Watoto wetu wana akili na mikono mizuri kabisa. Wanachokosa ni kuketishwa karibu na huyo anayejua, simu ikiwekwa kando kwa nusu saa, bila kugombezwa wakikosea.

Naomba basi kila nyumba ichague kitu kimoja tu kwa msimu huu. Si vitano. Kofia ya mtoto, au mkeka mdogo, au chupa ya achari, au debe la mboga kavu. Chagueni mnachokipenda, mkifanye pamoja, mkile au mkivae wenyewe kwanza, kisha mpelekeeni jirani.

Na leo hii, kabla hujaiweka kando makala hii, mpigie simu mama, shangazi au bibi. Mwamkie, mjulie hali, halafu mwulize: mboga za kiangazi mlikuwa mnazianika vipi? Chukua kalamu, andika kila atakachokuambia, na umwahidi siku ya kwenda kujifunza kwake.