Kabla ya kubadili darubini

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mpelelezi David Livingstone alikaa 1872 akingoja wapagazi. Oktoba 1873, maiti yake ilipopitishwa hapo, mpelelezi mwenzake, Cameron, alibaki na vyombo vingi vya marehemu vya kupimia.

Anayeanza kutazama nyota leo hahitaji vyombo vikubwa. Darubini ya lenzi ya milimita 70 huonyesha miezi minne ya Mshtarii na pete za Zohali. Tatizo ni miguu yake myembamba inayotetemeka. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo, na kumbe mfuko wa mchanga ukining'inizwa katikati huituliza.

Akitaka kubwa, achukue ya kioo cha milimita 150: hukusanya mwanga zaidi ya mara nne. Kundi la nyota la Omega Centauri, ukungu tu katika ile ndogo, huanza kuchambuka chenga chenga kama chumvi. Vumbi la kiangazi kwenye kioo lipulizwe, lisifutwe kwa khanga.