Damu Hukumbuka Vita Vilivyokwisha

Mwaka jana nilitibiwa bakteria wa tumboni, yule aitwaye helikobakta pilori. Nilimeza dawa siku 14. Miezi mitatu baadaye kiungulia kikarejea. Kliniki moja ikanidunga kidole, na kwa dakika chache nikaambiwa ningali naye. Nikaandikiwa dawa zile zile.

Naam, mimi hufundisha biolojia, na somo la kingamwili nimelichora ubaoni mara nyingi. Kipimo kile hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili, askari ambao mwili uliwaunda kumkabili, nao hukaa damuni miezi, hata miaka, baada ya adui kuangamia. Kwa hiyo mistari miwili yaweza kusema tu kwamba vita viliwahi kupiganwa. Na hapa kwetu, ambako wengi huambukizwa utotoni, ni wangapi wasio na kovu hilo?

Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao kusudi. Ushahidi wake ulitoka tumboni, kwa endoskopi.

Si lazima sote tumeze mpira. Kipo kipimo cha kinyesi, na cha pumzi pale kinapopatikana, mradi wiki nne zipite tangu kumaliza antibiotiki, na omeprazoli iachwe wiki mbili. Kwa nini basi tuuziwe jibu la haraka, dawa zipotee bure, bakteria wengine wazizoee, na chanzo halisi cha maumivu kisitafutwe?

Nilisubiri, nikapima kinyesi. Bakteria hakuwamo. Cheti cha dawa ningali nacho, nami hukitumia darasani.