Malazi ya Ugenini Yapimwe Kabla ya Safari

Safari ya kwenda Ghuba kutafuta riziki si jambo geni kwa watu wa visiwa vyetu. Wazee wetu walikwenda na kurudi kwa majahazi, wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Leo vijana wa Unguja na Pemba hupanda ndege, na Dubai ni miongoni mwa miji inayowavuta. Huko hufanya kazi za hoteli, ulinzi, udereva, uuzaji wa maduka na utumishi wa majumbani.

Kabla ya kuondoka, kijana huuliza mshahara, viza na nauli. Mahali pa kulaza ubavu wake huachwa pawe shauri ya kufika. Kwa maoni yetu, hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia.

Mjini Dubai kodi ya nyumba hutajwa kwa mwaka, na aghalabu hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele. Juu yake kuna amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba isiyo na samani, na ujira wa dalali ambao nao mara nyingi ni asilimia 5. Mgeni aliyefika juzi, asiye na akaunti ya benki wala kitabu cha hundi, hawezi kuupita mlango huo. Basi hukodi kitanda tu, katika chumba chenye vitanda vya kupandana au katika sebule iliyokatwakatwa kwa mbao na mapazia. Bei yake ni nafuu, hailipwi kwa hundi, na mara nyingi haina hata risiti.

Hatusemi kwamba kulala wengi katika nyumba moja ni aibu. Wafanyakazi wa kila taifa huishi hivyo, na wengi wamejenga nyumba zao makwao kwa njia hiyo. Tunachosema ni kwamba unafuu wa malazi hayo hauna budi kupimwa kwa mizani tatu: sheria, usalama na nauli.

Tuanze na sheria. Sheria ya Dubai namba 26 ya mwaka 2007 inamkataza mpangaji kukodisha kwa mtu mwingine bila ya idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Akifanya hivyo, mwenye nyumba anaweza kuomba atolewe, pamoja na yule aliyekodishwa. Aliyekodishwa anayo haki ya kumdai fidia mpangaji aliyempokea, lakini haki ya kudai haimpatii mtu pa kulala usiku ule. Aidha, tangu mwaka 2010 mikataba ya kodi huandikishwa katika daftari la serikali liitwalo Ejari. Anayekodi kitanda na aulize: mkataba wa nyumba hii umeandikishwa? Mwenye nyumba anajua kuwa tunalala humu?

Mizani ya pili ni usalama. Tarehe 15 Aprili 2023 jengo la makazi liliungua katika mtaa wa Al Ras, Deira, na watu 16 wakafariki dunia. Wakuu wa zimamoto wa huko walisema kwamba masharti ya usalama wa jengo hayakutimizwa ipasavyo. Mwezi wa Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilitangaza kuchukua hatua dhidi ya vyumba vilivyokatwa bila ya kibali katika mitaa ya Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa, Al Barsha na Al Raffa. Chumba kisicho na dirisha, ambacho njia ya kutokea imezibwa kwa mbao, si nafuu kwa bei yoyote ile.

Mizani ya tatu ni nauli. Katika treni ya mjini Dubai, safari moja kwa kadi ya kawaida ni dirham 3 ndani ya kanda moja, na dirham 7.50 kwa anayepita zaidi ya kanda mbili. Mfanyakazi wa siku 26 kwa mwezi, akilipa kila safari ya kwenda na kurudi, atatoa dirham 156 akikaa karibu, na dirham 390 akikaa mbali. Tofauti ni dirham 234. Kitanda cha mbali kilichopungua bei kwa dirham 200 kimekwisha kumtia hasara, mbali na saa za usingizi zilizopotea. Wengine hukimbilia Sharjah kwa sababu ya kodi ya chini, hali treni hiyo haifiki huko na barabara zake husongamana asubuhi na jioni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu hii ianzie kwenye mkataba wa kazi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi malazi yanayofaa, au ampe posho ya nyumba, ama fedha hizo ziingizwe ndani ya mshahara. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mshahara unaoonekana mkubwa huenda umekwisha kumezwa na kodi. Kwa kanuni za mwaka 2022, kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inalazimika kuwapa malazi wale ambao mshahara wao haufiki dirham 1,500 kwa mwezi. Kijana asiyelijua jambo hili huenda akajilipia kitanda alichostahili kupewa.

Kwa hiyo tunaziomba ofisi zinazohusika na kazi hapa Visiwani zisiupitishe mkataba wowote wa kazi ya nje ambao haukueleza waziwazi nani atalipia malazi, na ni wapi. Maelezo hayo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya msafiri kabla hajatia saini. Ubalozi wetu mdogo uliopo Dubai upewe orodha ya waliosafiri na mahali walipo, ili penye moto au mtu kutolewa nyumbani wajulikane wa kutafutwa.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na jamaa. Kila mwezi tunangojea fedha, na zikichelewa tunanung'unika. Mara nyingi nung'uniko letu ndilo linalompeleka kijana kwenye kitanda kibovu zaidi, apate kutuma zaidi. Tumwache kwanza alipie mahali penye dirisha na mlango wa kutokea, ndipo tuulize kilichobaki. Tunazitaka fedha zake, lakini zaidi tunamtaka arejee mzima.