Zabibu kwa Udongo wa Kivaa?

Kijana mmoja wa chuo hapa jijini aliniletea swali. Mjomba wake wa Kivaa, kule Masinga, alionja mvinyo wa Dodoma, na sasa anataka kukata miembe yake saba apande mizabibu. Asema Dodoma ni kukavu kama kwao. Je, amkataze?

Kuhusu udongo, mjomba hakukosea. Mzabibu ukipewa rutuba nyingi hutoa majani tele na matunda ya majimaji. Udongo wa kichanga usiotuamisha maji huuzuia kuzaa kupita kiasi, na juisi hukolea. Mahindi hayakubali mzaha huo!

Lakini tazama mvua. Ufaransa, baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Huku kwetu haulali. Mkulima huupogoa, na baada ya takriban miezi minne huvuna. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili, Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Zabibu za kiangazi huwa tamu zaidi; zile za wakati wa mvua hujaa maji na hushikwa na ukungu upesi.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Kivaa ina miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Mjomba akipogoa Mei, matunda yataiva Septemba kukiwa kukavu. Akipogoa Oktoba, maua yatakutana na mvua ya Novemba, na hapo dawa ya ukungu itammaliza pesa.

Hata zao la Septemba litahitaji maji. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, li karibu, ila kuvuta maji kwa pampu kunataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wafaransa wamejifunga kwa kanuni kali zaidi tangu 1935: eneo lenye jina huwekewa aina ya zabibu, kiwango cha mavuno kwa hekta, hata namna ya kupogoa. Ukikiuka, jina la eneo haliandikwi kwenye chupa yako.

Na mnunuzi je? Zabibu za mvinyo zikishavunwa hazingoji, na Dodoma wana viwanda papo hapo. Akitaka kukamua na kuuza mwenyewe, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inamdai leseni.

Kijana, mwambie mjomba aiache miembe. Apande miche kumi kando ya uga, aipogoe Mei, kisha aniletee kishada.