Goma: Feza ya mgeni asiyefika ni amana

Mjini Goma, watu wengi wanapangisha vyumba kwa siku ao kwa wiki. Kuna wenye gesti hausi, kuna wenye nyumba yenye vitanda na vyombo, na kuna mama aliyebakiwa na vyumba viwili baada ya watoto kuhama. Wageni wao ni wafanya biashara wanaotoka Bukavu kwa mashua, watu wa harusi na matanga, wagonjwa wanaofuata matibabu. Ni pia jamaa zilizokimbia vita na zinazotafuta pa kulala siku chache.

Mara nyingi mgeni anatangulia kutuma feza kwa simu. Kisha barabara inafungwa, ao mashua haitoki, ao mtoto anaugua. Mgeni anaomba arudishiwe. Mwenye nyumba anajibu kwamba alimwekea chumba na akakataa wengine. Hapo maneno yanaanza, na wakati mwingine yanafika kwa mkuu wa avenyu.

Kila mmoja ana haki yake, lakini hali zote si sawa.

Kama mwenye nyumba ndiye aliyevunja neno, kwa mfano amempa chumba mtu aliyeongeza bei, arudishe feza yote pamoja na ada ya kutuma. Hapo hakuna la kujadili.

Kama mgeni amebadili mawazo tu, inategemea siku aliyotoa habari. Aliyesema mapema arudishiwe. Aliyesema jioni ya siku yenyewe, ni haki akatwe usiku mmoja, kwa sababu chumba kimelala wazi. Lakini kumkata wiki nzima kwa usiku mmoja si biashara, ni kumnyonya.

Hali ya tatu ndiyo Goma inaijua zaidi: hakuna mwenye kosa. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Watu walienda Sake, Minova, Bukavu na Gisenyi. Aliyekuwa amelipa chumba katika mitaa ile hangeweza kukilalia, na mwenye chumba hakuwa ameasha volkano. Jambo kama hilo likitokea, hasara igawanywe, ao siku zisogezwe mbele. Ila kusogeza siku kufanyike mgeni akikubali. Kwa jamaa iliyokimbia, dola ishirini ni unga na maharagi ya wiki, haiwezi kungojea.

Kuna jambo moja linalopita yote hayo. Vita vikikaribia, vyumba vya mji havikai wazi. Mgeni wa kwanza akikwama njiani, wa pili anaingia jioni ileile. Mwenye nyumba aliyelipwa na wa pili hana tena hasara ya kudai. Akishika pia feza ya wa kwanza, amekula mara mbili kwenye sahani moja.

Wenye nyumba nao wana shida ya kweli. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na feza inayoingia asubuhi inaishia sokoni ao shuleni kabla ya magaribi. Wanaombwa kurudisha kitu ambacho hakipo tena mkononi. Dawa yake ni kuanza vizuri: feza ya mgeni ambaye hajafika isihesabiwe kuwa mapato. Ni amana. Ikae pembeni mpaka mgeni apokee ufunguo. Komisioneri naye alipwe baada ya mgeni kuingia, si kabla.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Lakini kwa chumba cha siku tatu, watu wanategemea zaidi neno walilopatana. Neno hilo liandikwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: bei, siku, na kitakachokatwa mgeni asipofika. Feza ikirudi, irudi kwa namba ileile iliyotuma, maana matapeli hawakosi kujifanya mgeni. Ikirudi mkononi, isiwe dola iliyopasuka ambayo hakuna duka litakaloipokea.

Jamaa zinazotafuta chumba ziulize mambo matatu kabla ya kutuma hata franka moja: tukikwama tunarudishiwa ngapi, baada ya siku ngapi, na nani atalipa ada? Mwenye nyumba mwaminifu hatachukia maswali hayo. Anayekasirika, heri feza ibaki mfukoni, atafutwe mwingine. Naye mwenye nyumba akumbuke kwamba katika mji huu, anayepokea wageni leo anaweza kuomba chumba kwa wengine kesho.