Kabla ya Kutafsiri, Twendeni Maktaba ya Sheria

Wanachama wenzetu na walimu wetu, tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka jana, wakati wa maonyesho ya bidhaa ya majira ya vuli hapa Guangzhou, wawili kati yetu tulimsindikiza mfanyabiashara mmoja kutoka Kariakoo kama wakalimani. Alikuwa mtu mzima, akituita “wanangu”, nasi tukimwita mzee. Aliagiza vyombo vya jikoni vya yuan 100,000 kutoka kiwanda kimoja, akatakiwa kulipa yuan 30,000 kwanza. Kwenye ankara malipo hayo yaliandikwa 订金. Mzee aliuliza hiyo ni pesa gani. Tukamjibu bila kusita: “Ni arubuni, mzee.” Tukaongeza, kwa kuwa tulikuwa tumesoma kwenye simu, kwamba kwa sheria ya China muuzaji akivunja ahadi hurudisha arubuni mara mbili.

Kiwanda hakikuleta mzigo. Tukamsaidia mzee kuandika barua ya kudai yuan 60,000. Mtu wa kiwanda aliisoma, akaweka kidole juu ya ankara, akatuonyesha herufi moja. Arubuni inayorudishwa mara mbili ni 定金. Ankara ilisema 订金. Maneno yote mawili hutamkwa dingjin, kwa toni zilezile. Sikio haliwezi kuyatofautisha. Mzee alirudishiwa yuan 30,000 zake kwa awamu mbili, basi. Siku ya kuagana alituambia: “Wanangu, mmesoma Kiswahili, lakini hamkusoma karatasi.”

Kauli ile ilituuma kwa sababu ilikuwa kweli. Ndiyo iliyotupeleka mahali ambapo wengi wetu hatukuwahi kukanyaga tangu tuingie chuoni: maktaba ya shule ya sheria. Hoja yetu katika makala haya ni moja. Mwanafunzi wa Kiswahili katika mji huu anaihitaji maktaba ya sheria kama anavyoihitaji kamusi, na idara yetu inapaswa kuifanya sehemu ya masomo yetu. Tusingoje tena hadi mtu apoteze pesa.

Tuelezeni tulichokikuta. Tulimwendea mkutubi wa zamu tukamwuliza: “Mwalimu, dingjin ni nini?” Hakutujibu. Alituuliza sisi. Karatasi yenyewe imeandikwaje, herufi kwa herufi? Mkataba uliwekwa lini? Na hilo la kurudisha mara mbili mmelisoma wapi: kwenye sheria iliyopitishwa na Bunge la Umma, kwenye ufafanuzi wa mahakama, au kwenye maneno ya mtu tu? Tukamwonyesha ukurasa tuliousoma kwenye simu. Ulitaja Sheria ya Dhamana ya mwaka 1995 na Sheria ya Mikataba ya mwaka 1999. Alitabasamu kidogo, akafungua hifadhidata ya sheria, akatuonyesha kwamba zote mbili zilikoma tarehe 1 Januari 2021, siku ulipoanza kutumika Mkusanyo wa Sheria za Kiraia (民法典) wenye vifungu 1,260. Yaani tulimshauri mzee kwa sheria zilizokwisha kufa.

Kisha akatuacha tutafute wenyewe. Kwenye mkusanyo huo mpya tulikuta kifungu cha 586: arubuni huwekwa kwa makubaliano, ila haizidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kinachozidi hapo hakihesabiwi kuwa arubuni. Kifungu cha 587 kinasema aliyetoa arubuni akivunja mkataba hana haki ya kuirudishiwa, na aliyeipokea akivunja mkataba huirudisha mara mbili. Tukadhani tumemaliza. Mkutubi akauliza: “Na hiyo 订金 yenu?” Hapo ilibidi tushuke ngazi nyingine, hadi kwenye ufafanuzi wa Mahakama Kuu ya Umma kuhusu mikataba, uliotolewa Desemba 2023. Kifungu chake cha 67 kinaorodhesha majina ya malipo ya namna hii, 订金 ikiwemo, na kusema kwamba kama wahusika hawakukubaliana kuwa ni arubuni, mahakama haitakubali dai la kurudishiwa mara mbili.

Hebu tupige hesabu. Hata kama ankara ya mzee ingeandikwa 定金, asingepata yuan 60,000. Asilimia 20 ya 100,000 ni 20,000. Hizo ndizo zingerudi mara mbili, yaani 40,000, na zile 10,000 zilizozidi zingerudi kama zilivyo. Jumla 50,000. Kwa hiyo tulikosea neno, tukakosea sheria, tukakosea na hesabu, na yote hayo tuliyatamka kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Kazi nzima pale maktaba ilituchukua kama saa mbili. Hatukutoka tukiwa mawakili. Tulitoka tukijua namna ya kuuliza: andiko linasemaje hasa, nani mwenye mamlaka ya kulisema, je, bado lina nguvu leo, na kuna nani aliyelifafanua baadaye. Huo ndio utafiti, na ndicho tunachokosa katika insha zetu nyingi za Kiswahili. Tukubali ukweli: tunapoandika kuhusu methali, au ndoa za pwani, au siasa za lugha, mara ngapi tunanukuu mtu aliyemnukuu mtu mwingine, bila kufungua chanzo cha kwanza? Wanafunzi wa sheria hawaruhusiwi. Mwalimu wao akiona kifungu bila namba wala tarehe, anairudisha kazi. Sisi tunapewa alama kwa kuwa sentensi zimenyooka.

Faida ya pili ni ya lugha yenyewe. Kamusi ilitupa “arubuni”, “amana” na “malipo ya awali” kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sheria ndiyo iliyotuonyesha mipaka yao. Arubuni inafunga pande zote mbili, na atakayevunja ahadi atalipia. Amana huwekwa ili itunzwe na kurudishwa. Malipo ya awali ni sehemu tu ya bei iliyotangulia. Sasa tunasema 定金 ni arubuni, 订金 ni malipo ya awali, na tunaweza kumweleza sababu yeyote atakayetuuliza. Hali kadhalika tulipogeukia sheria za Tanzania tuligundua kwamba Katiba ina ibara, sheria ina vifungu. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia lolote lililotangulia kufika ulimini.

Na sheria za Afrika Mashariki zinazidi kutuhusu. Tangu mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Tanzania imetangaza Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria na hukumu za nchi hizo mbili zinasomeka bure kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law. Hazihitaji hata neno la siri la chuo. Tulipomwonyesha mkutubi tovuti hizo alifurahi, akaziongeza kwenye ukurasa wa vyanzo vya sheria za kigeni. Lakini tulipomwomba atupeleke kwenye rafu ya Afrika Mashariki, tulikuta vitabu vinavyohesabika kwa vidole, vyote vya Kiingereza.

Juhudi za kuipa sheria maneno ya Kiswahili si za jana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria, katika Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake walikuwa kumi na wachache. Mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, A. B. Weston, alitayarisha mkusanyo wa istilahi za sheria kwa Kiswahili, ukachapwa na kituo cha utafiti wa sheria cha hapohapo mwaka 1968. Tunaona hapo picha ya uhusiano tunaoutaka: wanasheria na watu wa lugha wakiwa meza moja, vitabu vikiwa karibu.

Tunajua watakaotupinga, maana baadhi yao ni wanachama wenzetu. Wa kwanza atasema sisi ni wanafunzi wa lugha, sheria ina wenyewe. Tunamjibu kwamba hatukuchagua. Mgeni kutoka Mombasa au Mwanza akifika Xiaobei haanzi kwa wakili. Anaanza kwa anayemwelewa. Kila muhula tunaulizwa kuhusu kujiandikisha polisi. Asiyefikia hotelini anatakiwa ajiandikishe ndani ya saa 24 baada ya kufika kwenye nyumba atakayokaa. Ni kifungu cha 39 cha sheria ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika Julai 2013, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Ukimwambia mtu “saa 24” na mwenzako akamwambia “siku tatu”, atakayelipa faini ni yeye. Hatuwezi kuwa mawakili wake, na tusijifanye hivyo. Tunaweza kumwonyesha kifungu, kumsomea kilivyo, na kumwambia aende kwa mwenye leseni pale tunapofika mwisho wa ujuzi wetu. Kuujua mwisho huo nako tulifundishwa maktaba.

Wa pili atasema simu inatosha, akili bandia hutafsiri yote kwa sekunde moja. Sisi tunazitumia zana hizo kila siku na hatuzidharau. Lakini kosa letu lilitoka kwenye simu. Ukurasa ule ulikuwa umeandikwa vizuri, kwa uhakika mkubwa, na ulikuwa umepitwa na wakati. Anayejua kuuliza maswali ya mkutubi atafaidika na simu. Asiyejua atapotoshwa haraka zaidi.

Wa tatu, na huyu tunamheshimu, atasema ratiba imejaa na maktaba ile ina wanafunzi wake wanaopigania viti wakati wa mitihani. Ni kweli. Ndiyo maana hatuombi chumba wala jengo. Majengo ni mazuri: kule Mlimani, maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa serikali ya China na kuzinduliwa Novemba 2018 inaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Lakini kiti kinampa mtu mahali pa kukaa. Namna ya kutafuta hufundishwa na mtu. Sisi tunamwomba mtu, kwa saa chache.

Maombi yetu ni haya. Kwa walimu wetu: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili apelekwe maktaba ya sheria mara moja kwa muhula, saa mbili, na apewe swali moja la kweli la kutafuta, kama lile la dingjin. Na kazi yoyote ya tafsiri inayogusa mkataba, viza, ndoa au ardhi itaje kifungu na tarehe, na hilo lipewe alama. Kwa shule ya sheria: mtuwekee kwenye rafu walau Katiba ya Tanzania ya 1977 na Katiba ya Kenya ya 2010, zote kwa Kiswahili. Nasi hatuji mikono mitupu. Wanafunzi wenu wanaoandika kuhusu uwekezaji Dar es Salaam wanasoma Kiingereza peke yake, ilhali lugha ya sheria kule imebadilika. Tuko tayari kukaa nao jioni moja kila wiki tukasome pamoja.

Kwa wanachama: tumeanzisha daftari la istilahi. Kila neno linaandikwa kwa Kichina na Kiswahili, pamoja na kifungu lilikotoka na tarehe tuliyohakikisha kuwa kifungu hicho bado kinatumika. Hadi leo lina maneno 41. La kwanza ni arubuni.

Mzee wetu alirudi msimu huu. Tulidhani hatatutafuta tena, lakini alitupigia simu. Kabla ya kulipa chochote alitupa ankara, akasema, “Haya, someni.” Tuliisoma yote, tukamwomba atupe hadi kesho yake asubuhi, tukapanda treni ya chini ya ardhi kurudi chuoni. Mwenzetu wa shule ya sheria alikuwa ameshatushikia kiti maktaba.